Usiiguse Mpaka Nirudi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Ilianza alfajiri, tone moja hapa na jingine pale juu ya bati, kama mtu anayebisha hodi huku anaona haya.

Nimerudi kazini leo baada ya likizo ya msiba. Dirisha langu liko palepale mwisho wa korido ya maabara, na kibao chake kilekile: BENKI YA DAMU. Mhudumu wa wodi akileta karatasi ya mgonjwa, nafungua kumbukumbu za mgonjwa huyo kwenye kompyuta, naangalia kundi lake la damu na mambo yake ya nyuma, kisha nawapitishia wapimaji waliomo ndani. Zamani ukibonyeza tu, faili limefunguka. Sasa skrini inaandika: *Faili linatumika. Tafadhali subiri.* Unasubiri mpaka unasahau ulikuwa unasubiri nini, kisha linafunguka taratibu kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Leo, nikisubiri, nilimkumbuka mwenzangu, marehemu mume wangu, akinyoa ndevu bila kioo, kidevu amekiinua dirishani kufuata mwanga. Alikuwa akisema kioo kinamchelewesha. Nilipofika kwenye povu lililobaki sikioni, faili likafunguka.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kusubiri. Nimemkumbuka akisafisha koo kabla ya kupokea simu, hata simu ya dada yake.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimemwona aliyechukua nafasi yake.

Mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wa seva, zile kompyuta kuu za hospitali hii. Wenzake walimwita Kipimo, kwa sababu hakukaza hata skrubu moja kabla ya kupima. Nilidhani wataleta mwanamume mwenye miwani kama yeye. Wameleta mwanamke, mfupi, mnene kiasi, mwenye kicheko kinachosikika mpaka mapokezi. Anaitwa Mama Mapacha. Nilipita mlangoni kwao nikapeleka barua ya idara, nikamkuta amekaa kwenye kile kiti. Amekishusha. Kipimo alikuwa na miguu mirefu, kiti kilikuwa juu kabisa, na sasa kimeshushwa hadi mwisho.

"Karibu, dada!" akasema. "Karibu kwenye friji letu."

Chumba kile kina baridi kweli. Nikamwambia asante, nikaondoka. Sikuwa na ubaya naye. Ni kile kiti tu.

Mwenzangu aliwahi kunieleza kilichomo mle, mezani, tukila. Alisema kompyuta zetu za dirishani ni nyuso tu. Mashine zenyewe za benki ya damu, za wodi na za famasi hazina mwili, zinaishi ndani ya seva chache kubwa, na seva zote zinaweka mafaili yake kwenye hifadhi moja ya pamoja. Akavuta kopo la chumvi katikati ya meza. "Chukulia hili ni jiko la wapishi wanne, na chumvi ni hii moja. Mmoja akishika kopo, wengine wanangoja. Lazima wangoje, la sivyo wote watatia chumvi kwenye sufuria moja. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna anayelishika kopo zaidi ya kufumba na kufumbua." Nikamuuliza, je, akilishika akasahau kulirudisha? Akacheka, akasema ndiyo maana anayaogopa maswali yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Radi. Umeme ulikatika asubuhi, jenereta likawaka, na baada ya hapo kila faili likawa zito mara mbili ya jana. Watu walijazana dirishani. Mmoja akasema, "Mama, hiyo kompyuta yako imefunga ndoa na uvivu." Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Nikisubiri, nilimkumbuka akikunja mashati. Alikuwa anafunga kwanza kifungo cha juu.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi yangu, dada wa marehemu, bado yuko nyumbani. Alikuja kwa mazishi na hajaondoka. Anapika vizuri kuliko mimi na analisema hilo kila siku. Leo amesema tena habari ya viatu. Viatu vyeusi vya kaka yake viko mlangoni, pale alipovivua siku ile.

"Wifi, vile viatu vinaota ukungu."

"Viache."

"Nimeviacha. Vyenyewe ndivyo haviachi kunuka."

Nilimnunia mpaka usiku. Nafikiri alikuja kunihesabia vitu, basi.

Alhamisi, 20 Machi

Mama Mapacha alikuja dirishani kwangu, bila kicheko. Akaegemea ubao, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Dada, samahani sana. Marehemu aliwahi kukuambia chochote kuhusu mashine ya damu? Kabla ya... siku zile za mwisho?"

"Chochote kama nini?"

"Kuna kitu alikiacha. Najaribu kuelewa alikiacha kwa nini."

Damu ilinipanda. Watu wawili walikuwa wanasikiliza. Nikaona huyu anatafuta pa kutupia lawama, na aliyekufa hawezi kujibu. Nikamwambia, "Mume wangu hakuwa mtu wa kuleta kazi mezani."

Akaniomba radhi, akaenda zake.

Si kweli. Siku zote alileta kazi mezani. Hata siku ile ya mwisho, aliporudi nyumbani mchana akisema kifua kinambana kidogo na kwamba atalala saa moja arudi kazini, alikula, akazungumza kazi, tukacheka. Lakini mlo ule ni wangu. Sina wa kugawana naye.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua mfululizo. *Tafadhali subiri.* Nimemkumbuka akipuliza chai iliyokwisha kupoa.

Nimegundua kwamba siku hizi, skrini ikiandika subiri, sikasiriki. Najiegemeza kwenye kiti. Wagonjwa ndio wanaokasirika.

Jumanne, 1 Aprili

Umeme umekatika mara mbili. Seva moja haikuamka kabisa. Daktari mkuu wa maabara, mtu asiyepandisha sauti, aliwaita watu wa seva waje wajieleze mbele yetu sote. Alikuja Mama Mapacha, viatu vimelowa.

"Ile seva ilizimika ikiwa imeshika kufuli za mafaili," alisema. "Seva nyingine zinayataka yale mafaili, lakini haziwezi kujua kama mwenzao amekufa au amekaa kimya tu. Zikichukua kwa nguvu naye akawa yu hai, wataandika wawili mahali pamoja, na kumbukumbu zitaharibika. Kwa hiyo zinangoja."

"Zinangoja mpaka lini?" daktari akauliza.

"Mpaka ziwe na hakika."

Daktari akatikisa kichwa kama anayeambiwa hadithi. Mimi nilimwelewa. Sikutaka, lakini nilimwelewa.

Jumatatu, 7 Aprili

Wifi amevipaka viatu dawa na kuvirudisha palepale mlangoni. Niliona jioni nilipoingia. Sikumshukuru. Kesho.

Alhamisi, 10 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Nitaandika leo.

Mvua ya jana haikuwa mvua, ilikuwa ukuta. Mchana umeme ukaenda. Jenereta liliwaka, taa zikarudi, na kompyuta yangu ikarudi na maneno yake. Wakati huohuo mkunga akaja mbio koridoni, viatu mkononi ili asiteleze.

"Dada, nina mama ametoka kujifungua sasa hivi, damu haikatiki. Aliwahi kuongezewa damu hapahapa, ikamdhuru nusura afe. Niambie ilikuwaje, apewe damu gani safari hii."

Nikaandika namba ya mgonjwa. *Faili linatumika. Tafadhali subiri.*

Nyuma ya mkunga alisimama mume wa yule mama, kofia ameishika kwa mikono miwili, maji yanamchuruzika mpaka kwenye sakafu. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza kwa adabu, "Mama, kompyuta imesemaje?"

"Imesema tusubiri, baba."

"Haya," akasema. "Tusubiri."

Nikapiga simu chumba cha seva. Mama Mapacha akapokea akihema. "Ziliamka zote kwa pamoja, dada, zinagombea mlango mmoja! Ya damu ndiyo nzito kuliko zote. Nazizima nyingine ili yako ipite. Usibonyeze tena, ukibonyeza unapanga foleni upya!"

Sikubonyeza. Nilikaa na mikono yangu mapajani. Nilizoea kwamba skrini ikisema subiri, mwenzangu anakuja na jambo lake dogo: ndevu, shati, chai. Jana nilimwita, hakuja hivyo. Ulikuja mlo ule wa mwisho. Nilimwona ameshika kijiko, anasema: "Leo nimeipiga picha mashine ya damu kabla ya kuweka programu mpya. Kesho nikiona haijaleta balaa, naifuta." Kila neno nililisikia. Na mbele yangu amesimama mtu na kofia yake.

Daktari mkuu, ambaye sijawahi kumwona hata akitembea haraka, alitoka ndani akikimbia. "Acheni kompyuta. Nipeni sampuli yake, tunapima upya kwa mkono, kila kitu." Kupima upya namna ile si kazi ya kufumba na kufumbua. Tuliwasikia wakiitana ndani. Mkunga alikuja akaondoka, akaja tena. Yule bwana hakuketi ingawa nilimwonyesha benchi.

Waliipata damu inayomfaa, mkunga akakimbia nayo ameikumbatia kifuani. Muda kidogo baadaye faili likafunguka. Kila kitu kilikuwamo, kimeandikwa vizuri, mstari wa tatu.

Jioni mkunga alipita. "Anapumua," alisema. "Zaidi ya hapo sijui, dada, usiniulize." Mtoto ni mzima.

Sikula. Wifi alifunika sahani yangu, akaketi kando yangu mpaka nilipolala.

Jumatatu, 14 Aprili

Kikao. Daktari mkuu alisema mbele ya kila mtu kwamba mashine za marehemu nusura ziue mtu. Akakumbuka nimo chumbani, akaniangalia, akasema, "Samahani, mama." Nikajua alichokitaja ndicho kila mtu anachokisema nisipokuwapo.

Nilingoja Mama Mapacha aseme. Angeweza kusema kuna kitu Kipimo alikiacha, nacho ndicho kinachotuua. Alikuwa na haki. Yeye akasema tu, "Daktari, mashine ziko mikononi mwangu sasa. Nilaumiwe mimi."

Wamempa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Zisipokaa sawa, aondoke, na wailete kampuni nyingine ing'oe kila kitu.

Yule mama bado hajafumbua macho.

Alhamisi, 17 Aprili

Amefumbua macho. Mkunga alikuja kuniambia mwenyewe. Nilifunga dirisha kidogo.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda chumba cha seva.

Nilisimama mlangoni, na Mama Mapacha akainuka kwenye kile kiti haraka kama mtu aliyefumaniwa. Nikamwambia kaa, kaa. Msaidizi wa zamani wa mume wangu alikuwapo pia, mtu mzima mwenye mvi, anafunga nyaya.

"Uliniuliza, nikakudanganya," nikasema. "Alikuwa akileta kazi mezani. Ni kitu gani alichoacha?"

Waliangaliana. Mama Mapacha akageuza skrini. Akanionyesha mashine ya benki ya damu, na chini yake picha moja. Akanieleza taratibu. Ukiipiga picha mashine, hali yake ya wakati ule inahifadhiwa kama ilivyo, na kila jambo jipya linaandikwa pembeni, kwenye faili jingine. Faili hilo linakua kidogo kidogo, na kila likitaka kukua linaomba kufuli ya hifadhi nzima. Siku moja au mbili, hakuna anayesikia. Lakini hii imeachwa tangu siku aliyofariki. Kila mgonjwa tuliyemwandika toka siku ile yumo kwenye faili la pembeni, limekuwa kubwa kama zimwi, na mashine nyingine zote zinalingoja.

"Sasa kwa nini hamkuifuta?"

Yule mwenye mvi akaziacha nyaya, akasema, "Soma jina lake, shemeji."

Picha ilikuwa na jina. Nikasoma: *USIIGUSE MPAKA NIRUDI.*

"Kipimo hakuwa mtu wa kuandika ovyo," akasema. "Nilimwambia huyu mama, siku ya kwanza tu, hiyo usiiguse. Tulijua ni nzito. Lakini labda aliona hatari sisi hatuioni. Na zaidi ya hapo, shemeji... nani ataigusa?"

"Mara ngapi nimeweka kidole," Mama Mapacha akasema. "Mkono unakataa."

Nikaketi kwenye boksi la nyaya. Nikawaambia mlo wote. Nikawaambia alivyosema kesho ataifuta, na alivyocheka akiongeza: "Nimeiandikia maneno makali, maana wenzangu mikono inawawasha, wataichezea kabla sijarudi." Aliwaandikia mzaha. Alidhani anakwenda kulala saa moja.

Yule mwenye mvi alianza kucheka. "Mikono inawawasha! Mimi huyo! Alikuwa ananisema mimi!" Alicheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa kile kitambaa cha kufutia vumbi la mashine, akazidi kujichafua. Tukacheka wote watatu mle kwenye baridi.

Nikamuuliza Mama Mapacha: ukiifuta, siku ile inapotea?

"Hapana, dada. Hakuna kinachopotea. Yale yaliyoandikwa pembeni yanarudishwa ndani, yanaungana na ya zamani, inakuwa mashine moja. Kinachoondoka ni ule mpaka tu, kati ya siku ile na zilizofuata."

Nikasema ifutwe.

Kisha, nikitoka, nikasema kile kiti kiachwe hivyohivyo, kimemkaa vizuri.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua bado. Wanachukua nakala ya kumbukumbu zote kwanza. Itafanyika Jumapili, wakati wodi zinaandika kwa mkono.

Jumapili, 4 Mei

Nilikwenda. Wifi naye akasema hawezi kuachwa nyumbani kama paka, akaja na chupa ya chai. Mama Mapacha alimpa koti lake zito.

Aliniita kwenye meza. "Bonyeza wewe, dada. Ni haki yako."

Nilifikiri hata mimi kwamba nitataka. Nikasema, "Fundi ni wewe."

Alibonyeza. Ikaanza kupanda kwa asilimia, polepole. Nje mvua ilikuwa inapiga, na kila radi ikipita sisi sote tulitazama taa. Umeme ukikatika katikati ya kuunganisha, alisema, nakala anayo, lakini asingependa kuijaribu leo. Yule mwenye mvi alikaa kando ya jenereta na mwavuli, tayari.

Mchana kutwa. Ikafika tisini na tisa, ikasimama.

"Imekwama," nikasema.

"Haijakwama. Hapa ndipo inapofunga mlango kwa mara ya mwisho, iunganishe kipande kilichobaki. Tusiiguse."

"Ya mwisho ndiyo inasumbua kuliko zote?" wifi akasema. "Kama kaka yangu. Alizaliwa wa mwisho, mama yetu alilala leba siku mbili, na alipotoka akaanza kulalamika baridi."

Sikuwa nikilijua hilo. Miaka yote ile, sikulijua. Nikamwomba anieleze tena, na akanieleza, na jinsi alivyombeba mgongoni mpaka alipokuwa mkubwa wa kuburuza miguu. Nilimtazama wifi yangu ndani ya koti la watu, pua imekuwa nyekundu. Nilisema amekuja kunihesabia vitu. Kumbe hakuwa na mahali pengine pa kumsubiri.

Tukageuka, na kwenye skrini picha haipo. Chini ya mashine ya damu hapakuwa na kitu. Mama Mapacha aliziba uso kwa viganja, kisha kile kicheko chake kikatoka, kikapiga ukutani na kurudi.

Jumatatu, 5 Mei

Umeme ulikatika asubuhi. Ulirudi. Nikaandika namba ya mgonjwa, nikajiegemeza kwenye kiti kama nilivyozoea.

Faili lilikuwa limekwisha kufunguka.

Nilikaa nalitazama. Mhudumu akaniuliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna.

Jumatatu, 12 Mei

Yule bwana wa kofia alipita dirishani. Mkewe anarudi nyumbani leo, anatembea kwa kushikwa mkono, na mtoto amebebwa na mkunga. Mama yule ni mweupe kama karatasi, na hatazaa tena, mkunga aliniambia. Bwana alinishukuru. Nilitaka kumwambia asinishukuru, nikashindwa. Nilimshika mtoto kidole.

Alhamisi, 15 Mei

Daktari mkuu amemwambia Mama Mapacha abaki. Hakusema zaidi, naye hajazoea kusema zaidi.

Jumanne, 20 Mei

Jua, siku ya tatu. Watu wameanika kila kitu, mpaka magodoro.

Wifi anaondoka Ijumaa. Nimempa viatu, ampelekee mwanawe mkubwa, maana miguu ni ileile mirefu. Alivifunga kwenye gazeti. Mlangoni pamebaki alama mbili sakafuni ambazo hazijapata vumbi. Sikufagia hapo leo.

Kazini mafaili yanafunguka kabla sijamaliza kuinua kidole. Siku nzima imepita, foleni imekwisha, na sikuwa nimemkumbuka hata mara moja. Niligundua hivyo nikifunga dirisha, na nilisimama koridoni nikiwa na ufunguo mkononi kama mwizi.

Basi jioni nimejitengea muda. Nimepika chai, nikaimimina, nikaketi upande wake wa meza. Hakuna kilichoniambia nisubiri. Nimeiacha chai ipoe kabisa, kisha nikaipuliza.